Maswali ya Wasomaji: Adabu za Kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili

Tangu tulipowaomba wasomaji wa Lamu na Malindi waandike habari za miji yao katika Wikipedia ya Kiswahili, barua zimefika nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: nimeandika, mtu nisiyemjua amefuta au amegeuza, nami sijui nimkabili vipi. Mwezi huu nimeyaweka kando maswali mengine yote ili nijibu haya peke yake.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake, Wikipedia ni kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na tawi lake la Kiswahili lilifunguliwa mwaka 2003. Wikimedia Foundation, taasisi yenye makao yake San Francisco nchini Marekani, hutunza mitambo, lakini makala huandikwa na watu wa kujitolea wasiolipwa, na kila asomaye anaweza kubonyeza neno Hariri akaandika. Nyuma ya kila makala zimo kurasa mbili ambazo wasomaji wengi hawazifungui. Moja ni historia, ambamo kila badiliko limehifadhiwa pamoja na saa yake na jina la aliyelifanya, hata kama lilitenguliwa dakika moja baadaye. Nyingine ni majadiliano, ambamo wachangiaji huzungumza juu ya makala yenyewe. Naomba kila anayesoma majibu haya azikumbuke kurasa hizo mbili, kwa sababu adabu zote za mahali hapa zinatokana nazo: ukishahifadhi maneno yako si mali yako tena, mtu yeyote anaweza kuyageuza, ila jina lako limebaki nayo.

Nimefungiwa siku 3. Je, nimeonewa?

*Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Malindi. Katika makala moja juu ya safari ya Vasco da Gama nilisoma kwamba rubani aliyemwongoza kutoka Malindi hadi India alikuwa Ahmad ibn Majid. Tulifundishwa kwamba jambo hilo si kweli, hivyo nikalifuta na kuandika kwamba rubani alikuwa Mgujarati. Baada ya saa moja mtu akarudisha maneno ya kwanza. Nikafuta tena, akarudisha tena, mpaka tukafika mara ya nne, na katika muhtasari, yaani pale mtu anapoeleza kwa ufupi alichokibadilisha, nikamwandikia kwamba yeye si mtu wa pwani na hana haki ya kutufundisha historia yetu. Sasa akaunti yangu imefungiwa kwa siku 3.*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hukuonewa, lakini katika barua yako kuna mambo mawili yaliyochanganyika, na ni haki yako niyatenganishe.

Jambo la kwanza ni la historia yenyewe. Kwamba Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, kwamba mfalme wa Malindi alimpa rubani, na kwamba meli zake zilifika Calicut mwezi wa Mei mwaka huo huo, hayo hayana ubishi. Ubishi uko katika jina la rubani. Wako waandishi waliomtaja Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Arabuni aliyeandika juu ya elimu ya bahari, na wako watafiti wengi wa leo wanaokataa na kusema alikuwa Mgujarati. Penye ubishi wa namna hii kamusi elezo haiamui nani mshindi. Kazi yake ni kueleza nani amesema nini, kila upande na chanzo chake. Kwa hiyo kosa lako halikuwa kumtia Mgujarati. Kosa lilikuwa kumtoa Ibn Majid. Ungeliandika hivi: "Mfalme wa Malindi alimpa rubani. Waandishi wengine wamemtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid. Watafiti wengine wanalikataa jambo hilo na kueleza kwamba alikuwa Mgujarati." Kisha ungeliweka tanbihi moja ya kutaja chanzo baada ya sehemu ya kwanza na nyingine baada ya sehemu ya pili. Sentensi kama hiyo ni ngumu kufutwa, kwa sababu hata anayekupinga anaikuta kauli yake imo ndani.

Nikiwa bado hapo hapo, naomba uangalie kama makala hiyo inasema kwamba Wareno "waligundua" Malindi. Ikiwa neno hilo limo, andika "walifika", kwa kuwa mji huu ulikuwa na mfalme wake na biashara yake, na mwaka 1415, yaani miaka 83 kabla ya Mreno kuonekana, ulikuwa umekwisha kumpelekea twiga mfalme wa China. Badiliko dogo namna hiyo lina thamani kubwa kuliko aya nzima ya hasira.

Jambo la pili ni la mwenendo. Badiliko lako la kwanza halikuwa na lawama yoyote, kwa sababu wachangiaji wanahimizwa wawe na ujasiri na wasahihishe wanachokiona kuwa ni kosa bila ya kuomba ruhusa. Mwenzako alipolitengua, hapo ndipo mkono ulipotakiwa kusimama na mdomo ukafunguka. Mtu akishakupinga, mahali pa neno lako ni ukurasa wa majadiliano, na makala inaachwa kama ilivyo mpaka mtakapoelewana au watu wengine watakapotoa rai zao. Katika Wikipedia ya Kiingereza iko sheria inayojulikana na kila mchangiaji, kwamba mtu asitengue kazi za wenzake katika ukurasa mmoja zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24, na anayevuka hapo anaweza kufungiwa hata kama alichokiandika ni kweli. Wakabidhi, yaani wachangiaji waliopewa uwezo wa kufunga na kufuta, hawatazami kwanza nani mkweli. Wanatazama nani anavuta kamba.

Na lile neno la "si mtu wa pwani" ndilo lililokuharibia zaidi. Hapo hatumzungumzi mtu, tunazungumza maandishi. Hujui aliyeandika ni nani. Huenda ni mzee wa Malindi anayeishi mtaa wa pili kutoka kwako. Na hata angekuwa mgeni kabisa, swali lingebaki lile lile: je, alichokiandika kina chanzo au hakina?

Kifungo kitakapokwisha, nenda kwenye majadiliano ya makala hiyo ukaandike maneno ya namna hii: "Salamu. Naomba radhi kwa niliyoyaandika katika muhtasari wiki iliyopita. Ninapendekeza tutaje kauli zote mbili kuhusu rubani, kila moja na chanzo chake. Nimeleta hapa sentensi ninayoipendekeza. Je, unaionaje?" Chini yake weka sahihi, ambayo hupatikana kwa kuandika mara nne ile alama inayofanana na wimbi dogo, ~~~~, nayo ikihifadhiwa hugeuka yenyewe kuwa jina lako pamoja na saa na tarehe. Kwenye simu nyingi alama hiyo hufichika katika ukurasa wa pili wa alama, basi itafute kabla hujaanza kuandika. Atakapokujibu, andika jibu lako chini ya lake na ulianze kwa nukta mbili (:) ili lisogee ndani kidogo, msomaji wa tatu apate kujua nani anamjibu nani.

Neno la mwisho kwako: usifungue akaunti ya pili ili uendelee kuandika ukiwa umefungiwa. Hilo huhesabiwa kuwa ni udanganyifu, na siku 3 zinaweza kugeuka kifungo kisicho na mwisho.

Vita vya Shela vilipiganwa mwaka gani?

*Mimi ni muongozaji wa wageni mjini Lamu. Kitabu kimoja kinasema Vita vya Shela, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Mombasa, vilikuwa mwaka 1812, kingine kinasema 1813. Niandike upi?*

Andika yote miwili, na kila mmoja umtaje aliyeusema. Habari za kale za mji wetu zilihifadhiwa kwa mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa Miladi, na mtu akihamisha tarehe kutoka hesabu moja kwenda nyingine anaweza kuteleza mwaka mzima. Usichague mwaka unaokupendeza, wala usiseme kwamba wageni wako wameuzoea mmoja zaidi.

Makala ya marehemu babu yangu

*Assalaam aleikum warahmatullah. Marehemu babu yangu alisomesha Qur'ani hapa Lamu kwa zaidi ya miaka 40, na hakuna nyumba katika mtaa wetu ambayo hakuisomeshea mtoto. Nilimwandikia makala yenye adabu zote zinazomstahiki. Siku ya pili nilikuta vyeo vyake vimeondolewa, dua zimeondolewa, na juu ya makala limewekwa bango la kuhoji kama anastahili kuwamo. Nimeumia sana. Je, hawa watu hawana heshima kwa maiti?*

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mungu amrehemu babu yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naelewa maumivu yako, kwa sababu hapa kwetu jina la mzee halitajwi tupu, na mtoto anayelitaja tupu hukemewa barazani mbele za watu.

Lakini fikiria kwamba ukurasa ule unasomwa na mtu wa dini yako na asiyekuwa wa dini yako, na kila mmoja angetaka wazee wake watajwe kwa sifa zake. Ndiyo sababu kamusi elezo imechagua kuwataja watu wote kwa majina yao tu, wafalme, maaskofu, masharifu na marais, na kuacha sifa na dua kwa wasomaji wenyewe. Cheo kinaweza kuelezwa mara moja kama habari, kwa mfano kwamba alijulikana kwa jina la Maalim fulani, kisha makala ikaendelea kwa jina. Aliyeondoa dua hakumvunjia babu yako heshima. Alimfanyia vile vile ambavyo angemfanyia mtu yeyote mkubwa duniani.

Swali la kustahili ni gumu zaidi, nami sitaki kukupamba. Makala juu ya mtu hudumu ikiwa wako watu wasiokuwa wa nyumba yake, wala wanafunzi wake, waliomwandika kwa kirefu: magazeti, vitabu, watafiti wa vyuo. Makala juu ya Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha, haina shida ya kusimama, kwa kuwa watafiti wa nchi mbalimbali wamemwandika. Waalimu wetu wengi walifanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyeiandika. Huo ni upungufu wa walioandika, na wazee wetu hawana dhambi ndani yake, ila kamusi elezo haiwezi kuuziba kwa maneno ya mjukuu.

Na hapo tunafika kwenye adabu ambayo wengi hawaijui. Mtu haandiki juu yake mwenyewe, wala baba yake, wala mwajiri wake, wala nyumba yake ya kulaza wageni. Hakuna anayekushuku kuwa mwongo. Linaloogopwa ni mapenzi, ambayo humfanya mtu asione kinachokosekana. Ikiwa lazima uandike, basi tangaza katika ukurasa wako wa mtumiaji na katika majadiliano ya makala kwamba wewe ni mjukuu wake, acha makala yenyewe bila ya kuigusa, na uweke majadilianoni habari na vyanzo ulivyo navyo, ili mchangiaji asiye na ujamaa naye aziingize. Ukiwa huna chanzo chochote kilichochapishwa, ushauri wangu ni kwamba uandike habari zake kwanza katika gazeti au jarida, hata hili letu, ambamo mjukuu anaweza kusema "babu yangu" na kumwombea rehema kwa sauti.

Maneno ya bibi yangu si chanzo?

*Mhariri, bibi yangu anasuka mikeka tangu alipokuwa msichana. Niliandika jinsi ukindu unavyochaguliwa, unavyochemshwa na rangi, na majina ya mitindo ya ukili kama alivyonieleza yeye. Mtu amefuta majina yote ya mitindo na kuandika "hakuna chanzo". Je, chanzo gani kinachomshinda mwanamke aliyesuka miaka 50?*

Dada yangu, swali lako ni la haki, na wenye kuijenga Wikipedia wamekuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu. Kanuni inasema kwamba kila habari iweze kuhakikishwa na msomaji asiyekujua, na kwamba kamusi elezo isiwe mahali pa kwanza pa kutolea utafiti mpya. Bibi yako ni mjuzi kweli, lakini msomaji wa Tabora hawezi kumfungua bibi yako kama anavyofungua kitabu. Mwaka 2011 ulifanywa mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi sauti za watu wanaojua kazi na mila ambazo hazijaandikwa, ili rekodi hizo zitumike kuwa vyanzo vya makala. Uliamsha mjadala mkubwa, na kanuni yenyewe haikubadilika.

Mimi binafsi naona kwamba kanuni hii, ikifuatwa bila ya huruma, inazibana lugha kama yetu ambazo elimu yake nyingi iko midomoni. Ninalisema wazi kwa sababu naamini linafaa kusemwa. Lakini kuivunja kimya kimya ndani ya makala hakutasaidia. Majina yatafutwa kila mara, nawe utachoka.

Fanya hivi. Keti na bibi yako mchana, mwanga ukiwa mzuri, na kwa ridhaa yake urekodi mikono yake: anavyochana ukindu, anavyoanza ukili, anavyoshona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukatimia, na kila mtindo aupe jina lake kwa kinywa chake. Picha na rekodi hizo unaweza kuziweka katika Wikimedia Commons, hazina ya picha na sauti ambayo miradi yote ya Wikimedia huchota kutoka kwayo. Makala itaonyesha mikono ile, hata kama maneno bado yanasubiri chanzo. Majina ya mitindo yapeleke katika Wikamusi, kamusi ya maneno iliyo ndugu wa Wikipedia, ambapo neno huingizwa kwa maana yake na mfano wa matumizi yake. Kisha watafute watu wa makumbusho ya Lamu au mwalimu wa chuo anayefanya utafiti wa kazi za mikono, umwonyeshe ulichorekodi. Siku atakapochapisha, tanbihi imepatikana, na jina la bibi yako limo ndani ya chapisho.

Aliyefuta, ungeweza kumwuliza kwa upole kama angekubali kuacha majina yale pamoja na alama ya kudai chanzo badala ya kuyafuta. Mara nyingi hukubali. Wengi hufuta kwa haraka ya kazi, bila ya chuki yoyote.

Wanafunzi 32 na makala 32

*Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, Kaunti ya Lamu. Nina wanafunzi 32, na nataka kila mmoja atafsiri makala moja ya Kiingereza kuhusu Lamu kwa programu ya kutafsiri, aiweke katika Wikipedia kabla ya Ijumaa, nami nitoe alama. Je, nianzeje?*

Mwalimu, nia yako ni njema sana, na ndiyo sababu nakuomba usianze hivyo. Makala 32 zikiingia jioni moja, watakaokesha wakizisafisha ni wachangiaji wachache wa kujitolea, wenye kazi zao na watoto wao, na wakishindwa watazifuta zote kwa pamoja pamoja na zile chache zilizokuwa nzuri.

Programu ya kutafsiri haikatazwi, ila haijui inachokisema. Mfano ni vyombo vyetu vya bahari. Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja, dhow, kwa vyombo vyote vya tanga vya pwani yetu, na programu hulitoa mara nyingi kuwa "jahazi". Basi mwanafunzi wako ataandika kwamba mtepe ni jahazi, na hakuna mzee wa Lamu atakayeisoma sentensi hiyo bila ya kushika kichwa. Mtepe mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Jahazi hupigwa misumari na tanga lake ni la kitambaa, la pembe tatu. Mtoto wa baharia aliyeko darasani mwako anaijua tofauti hiyo kuliko programu yoyote, na hilo ndilo analoweza kuipa Wikipedia ambalo haliko kwingine.

Kuna pia suala la haki za watu. Makala za Wikipedia ziko chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu kila mtu kunakili, kugeuza, hata kuuza, kwa sharti kwamba awataje walioandika na atoe kazi yake kwa leseni hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetafsiri ni lazima aandike katika muhtasari kwamba tafsiri yake imetoka katika makala fulani ya lugha fulani. Vitabu na tovuti nyingine haziko hivyo. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mwandishi. Utenzi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858 hauna mwenye hakimiliki leo, na mwanafunzi anaweza kuunukuu atakavyo. Lakini utangulizi na maelezo ya mhariri wa zama zetu katika chapa mpya ya utenzi huo yana mwenyewe.

Pendekezo langu ni hili. Chukua makala moja au mbili ambazo tayari zipo, ligawanye darasa katika vikundi, na kila kikundi kitafute kosa moja la kusahihisha na chanzo kimoja cha kuongeza. Waandike kwanza katika sanduku la mchanga, ukurasa wa majaribio ambao kila mtumiaji anaweza kuwa nao, uyasome wewe mwenyewe, ndipo wayahamishe. Kila mwanafunzi awe na akaunti yake, maana akaunti moja ya darasa zima hairuhusiwi, na wasitumie majina yao kamili wala kutaja shule au namba za simu. Waambie wafungue akaunti hizo kidogo kidogo, kwa sababu kutoka mtandao mmoja haziwezi kufunguliwa zaidi ya 6 kwa siku, na ukiwaketisha wote pamoja mara ya kwanza, wa saba atakataliwa na kipindi kitakwisha bure. Na kabla ya yote, andika ujumbe mfupi katika ukurasa wa jumuiya kuwaarifu wakabidhi kwamba darasa lako linakuja. Hiyo ni hodi, na anayepiga hodi hupokewa.

Picha

*Nina picha nyingi za Maulidi na za mitaa ya Mkomani. Je, naweza kuziweka zote?*

Ulizopiga wewe mwenyewe, ndiyo. Ulizozichukua katika simu ya rafiki au mtandaoni, hapana. Kumbuka kwamba leseni inamruhusu hata mfanyabiashara kuitumia picha yako bila ya kukuuliza, basi picha ambayo ndani yake yumo mwanamke aliyefunua uso akiwa nyumbani kwake, au mtoto wa mtu, usiiweke bila ya ridhaa ya wenyewe. Milango, punda, majahazi na kuta za ngome hazina kisirani hicho. Kila picha iandikie ni nini, ni wapi na ni mwaka gani, kwa sababu mlango usio na mahali haumfai mwandishi yeyote.

Nimekata tamaa

*Natoka Faza. Nilianzisha makala ya mji wangu, sentensi 3 tu. Siku ile ile mtu akabandika maneno kwamba haina vyanzo, na mwingine akaandika kwamba ni "mbegu". Niliona nimedharauliwa, na sasa ni miezi 4 sijaandika kitu.*

Dada yangu wa Faza, nakuomba radhi kwa niaba ya wote waliokutangulia, kwa sababu mmoja wao alipaswa kukusalimu kabla ya kubandika chochote. Kati ya kanuni za siku nyingi za Wikipedia imo moja inayowakataza wenyeji kuwauma wageni, na nyingine inayomtaka kila mtu amdhanie mwenzake nia njema mpaka idhihirike vingine. Waliokusahihisha waliisahau ya kwanza. Wewe nakuomba usiisahau ya pili.

"Mbegu" si tusi. Ndilo jina linalopewa kila makala fupi katika Wikipedia ya Kiswahili, na maneno yanayofuatana nalo humwomba msomaji aiongezee. Makala yako haikufutwa, na hilo ni jambo kubwa. Makala yangu ya kwanza, niliyoiandika juu ya msikiti mmoja wa mjini, ilifutwa yote, na ilistahili, kwa kuwa nilikuwa nimenakili kijikaratasi cha wageni neno kwa neno. Nilikaa wiki kadhaa nikiwa na uchungu. Aliyenirudisha ni mchangiaji nisiyemjua hadi leo, aliyeniandikia mistari mitatu katika ukurasa wangu wa majadiliano akinieleza kilichokosewa na namna ya kukiandika upya kwa maneno yangu.

Fungua historia ya makala yako na utazame jina la aliyeweka bango la vyanzo. Nenda katika ukurasa wake wa majadiliano, msalimu, umwulize ni sentensi ipi inayohitaji chanzo. Hapo hapo, ripoti za sensa ya mwaka 2019, zilizotolewa na shirika la serikali la takwimu, zinapatikana kwenye intaneti bila ya malipo, na ndani yake zimo hesabu za watu wa sehemu zenu. Chukua hesabu inayohusu Faza, iandike pamoja na mwaka wake, weka tanbihi ya ripoti, hifadhi. Vyanzo vikishatimia bango lile unaruhusiwa kuliondoa kwa mkono wako, na katika muhtasari uandike: "Nimeongeza chanzo cha sensa ya 2019."